Kujifunza Kuunda Programu za Simu Ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na vijana, na mara nyingine na wazazi wao, wanaotaka kujifunza kuunda programu za simu wakiwa huku kwetu Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma au Busia. Majibu yanazingatia mazingira yetu: kompyuta iliyokwisha kutumika, data inayonunuliwa kidogo kidogo, stima inayoweza kupotea katikati ya kazi, na watumiaji ambao wengi wao wana simu za Android za bei nafuu. Msimamo wa mwandishi utajitokeza mara kwa mara, hasa huu: anayemaliza programu ndogo na kumpa mtu halisi aitumie hujifunza mengi kuliko anayetazama video za mafunzo mwaka mzima bila kukamilisha kitu.

Je, ni lazima niwe na digrii ya kompyuta?

La. Zana zote za kuunda programu za Android hupatikana bure, na kozi rasmi ya Google inayomfundisha anayeanza kabisa pia hailipiwi. Hata hivyo elimu ya chuo ina faida yake. Anayesoma Chuo Kikuu cha Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo au Egerton pale Njoro hupata misingi ya hifadhidata na mitandao ya kompyuta, ambayo anayejifunza peke yake huiruka kisha akaihitaji baadaye. Jambo ambalo darasa mara nyingi halikupi ni mazoea ya kuichukua programu moja tangu ikiwa wazo hadi ifike mkononi mwa mtumiaji, na mazoea hayo itakubidi uyajenge mwenyewe, uwe na digrii au usiwe nayo.

Walio Kisumu wana bahati ya kuwa na LakeHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, pamoja na Zone01 Kisumu, ambako wanafunzi hujifunza kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwa kusaidiana na kukaguliana kazi. Aliye mbali na miji mikubwa anaweza kuunda kikundi cha watu watatu au wanne wanaokutana maktaba au katika saiba ya mtaani. Kikundi kidogo cha namna hiyo, chenye siku maalumu ya kuonyeshana kazi, humsukuma mtu kuliko cheti.

Sina kompyuta, nina simu tu. Naweza kuanza?

Kuanza unaweza. Uwanja wa mazoezi wa Kotlin na ule wa Dart (lugha mbili za kuandikia programu), huu wa pili ukiitwa DartPad, hufunguka ndani ya kivinjari cha simu, nawe unaweza kujifunza humo vigezo (majina yanayobeba thamani), masharti, marudio, orodha na kazi (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) bila kusakinisha chochote. Miezi ya mwanzo ya mafunzo inaweza kupita hivyo, na hakuna kinachopotea, kwa kuwa misingi hiyo ndiyo hiyo hiyo utakayoitumia kwenye kompyuta.

Kuunda programu kamili kwa kutumia simu peke yake, hata hivyo, ni kazi ya kujitesa. Skrini ni ndogo, faili ni nyingi, na zana rasmi zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Tumia muda wa simu kujifunza lugha huku ukiweka akiba, au upange na mwenzako mtumie kompyuta moja kwa zamu.

Kompyuta iwe na uwezo gani, na nitamudu vipi gharama ya data?

Android Studio, ambayo ndiyo karakana rasmi ya programu za Android, ni nzito. Kipakatalishi chenye memori ya RAM ya GB 4 kitaifungua, lakini utakaa ukikisubiri hadi hamu ya kujifunza ikuishe. GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kufanyia kazi, na GB 16 hukupa raha. Ukiwa na pesa za kuboresha kitu kimoja tu kwenye kipakatalishi kilichotumika, angalia kwanza diski yake: ikiwa bado ni ile ya zamani inayozunguka, ibadilishe uweke SSD, kisha ndipo uongeze RAM. Mabadiliko hayo mawili yamezifufua kompyuta nyingi ambazo wenyewe walidhani zimezeeka.

Kinachokula memori zaidi ni ile simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Iache. Tumia simu yako halisi: fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu inayoeleza kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo (Build number), kisha uiguse mara 7 mfululizo. Simu itakuarifu kwamba sasa wewe ni msanidi programu, na katika mipangilio patatokea ukurasa mpya ambamo utawasha utatuzi wa USB (USB debugging). Baadhi ya simu huificha nambari hiyo ndani ya ukurasa mwingine, kwa hivyo itafute kwa subira. Ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya, ukubali ombi linalotokea kwenye skrini ya simu, na kila utakapobonyeza kitufe cha kuendesha, programu yako itafunguka mkononi mwako. Hakikisha tu kwamba waya unapitisha data, kwa sababu nyaya nyingi za bei ya chini huchaji simu bila kupitisha faili. Wanafunzi wengi hupoteza alasiri nzima wakiilaumu kompyuta kumbe ni waya.

Kuhusu data, tambua kwamba gharama kubwa iko mwanzoni. Android Studio yenyewe, vifurushi vya Android vinavyofuata, na maktaba za msimbo (kazi zilizoandikwa tayari na wengine) ambazo chombo kiitwacho Gradle huzivuta mara ya kwanza unapojenga programu, kwa pamoja ni gigabaiti kadhaa. Fanya kazi hiyo mahali penye Wi-Fi: chuoni, maktaba, au kwa rafiki mwenye intaneti ya nyumbani. Ukishamaliza, unaweza kuiagiza Gradle ifanye kazi bila mtandao, nayo itatumia maktaba zilizohifadhiwa kwenye diski. Jizuie kubadilisha matoleo ya maktaba ovyo, kwa sababu kila toleo jipya huvutwa upya kwa data yako.

Nianze na lugha gani?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na huwachelewesha watu kuliko mengine yote.

Simu za kwanza za Android zilipoanza kuuzwa mwaka 2008, programu zake ziliandikwa kwa Java. Mwaka 2017 Google iliikubali rasmi Kotlin, lugha iliyobuniwa na kampuni ya JetBrains, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba Kotlin ndiyo itakayopewa kipaumbele. Kwa hivyo anayeanza leo akitaka kuijua Android kwa undani aanze na Kotlin, pamoja na Jetpack Compose, ambayo ndiyo njia ya sasa ya kuchora skrini. Java utaikuta bado katika mifumo ya benki na ya makampuni ya muda mrefu, na ukishaijua Kotlin, kuisoma Java hakutakushinda.

Njia ya pili ni Flutter ya Google, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018 na ambayo hutumia lugha ya Dart. Ya tatu ni React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, ambayo hutumia JavaScript. Zote mbili hukuwezesha kuandika msimbo mmoja ukatumika kwenye Android na kwenye iPhone. Ikiwa tayari unajua kutengeneza tovuti kwa JavaScript, React Native itakupokea kama mwenyeji. Ikiwa unatarajia kufanya kazi za wateja watakaotaka simu za aina zote mbili, Flutter ni chaguo zuri.

Ushauri wangu kwa anayeishi huku na asiyejua lugha yoyote ni Kotlin, kwa sababu simu anazoziona kila siku mikononi mwa watu ni za Android, naye ataielewa simu hizo ndani na nje. Lakini jambo lenye uzito zaidi ni kutohamahama. Chagua moja, na usiiache kabla hujamaliza programu mbili. Anayehama kila mwezi hujifunza kusakinisha zana peke yake.

Na programu za iPhone?

Huandikwa kwa Swift, lugha iliyoletwa na Apple mwaka 2014, na kuzijenga kunahitaji kompyuta ya Mac yenye Xcode. Kuweka programu katika duka la Apple hulipiwa dola 99 za Marekani kila mwaka. Kwa anayeanza hapa kwetu, jambo hilo linaweza kusubiri.

Je, ni lazima nijue hisabati sana? Na Kiingereza?

Hesabu za shule ya msingi na uwezo wa kufikiri kwa utaratibu vinatosha kwa programu nyingi za biashara, ingawa michezo ya video na uchakataji wa picha hudai zaidi. Kiingereza ni suala zito kidogo, kwa sababu maneno ya lugha za programu, hati rasmi na ujumbe wa makosa yote yako kwa lugha hiyo. Unachohitaji, hata hivyo, ni uwezo wa kusoma polepole ukiwa na kamusi. Maelezo unayojiandikia ndani ya msimbo yanaweza kuwa ya Kiswahili, na hakuna kompyuta itakayokataa kigezo kinachoitwa deni au jumla.

Programu yangu ya kwanza iwe ipi?

Iwe ndogo, na iwe ya mtu unayemjua kwa sura. Wanafunzi wengi hutaka kuanza na mtandao wa kijamii, au huduma ya kuita bodaboda mji mzima. Programu za aina hiyo zina seva (kompyuta ya mbali inayohudumia programu), ramani, malipo, ulinzi na maelfu ya watumiaji, na mtu mmoja anayeanza hawezi kuzifikisha mwisho.

Chukua mfano wa mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu. Ana daftari la madeni: jina la mteja, magorogoro (makopo ya kupimia) aliyochukua, kiasi anachodaiwa, na siku aliyoahidi kulipa. Kuliweka daftari hilo ndani ya simu ni programu inayokutosha kabisa. Ina skrini tatu tu: orodha ya wateja, deni la mteja mmoja, na fomu ya kuongeza deni au malipo. Haihitaji seva wala intaneti. Ndani yake, hata hivyo, kuna karibu kila kitu ambacho kazi hii hudai, na ukikaa naye karibu utakiona.

Kwanza, pesa. Ukihifadhi shilingi kwa namba za desimali za kawaida, kompyuta itakupa matokeo ya kushangaza, kwa kuwa ndani yake 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Hifadhi kiasi kwa namba nzima, za shilingi au za senti, na tatizo litakwisha. Pili, malipo ya sehemu. Mteja anayedaiwa shilingi 600 akaleta 250, usilifute deni na kuandika 350; andika malipo kama tukio jipya lenye tarehe yake, halafu salio likokotolewe. Mama akiulizwa wiki mbili baadaye, ataweza kuonyesha siku gani kililipwa nini, na ugomvi utaepukika. Tatu, majina. Wateja wawili wanaweza kuitwa Akinyi, na mama huwatofautisha kwa mtaa au kwa jina la mtoto wa kwanza, kwa hivyo fomu yako iwe na nafasi ya alama ya ziada. Nne, vidole vyake vimelowa na jua linawaka kwenye skrini: vitufe viwe vikubwa na maandishi yaonekane.

Mambo haya hutayapata ukiwa umefungiwa chumbani na kompyuta. Nenda sokoni saa ambazo hakuna wateja wengi, mwombe akuonyeshe anavyoandika, nunua omena kidogo kwa heshima ya muda wake, kisha urudi na programu yenye kasoro ili umwone akiitumia. Usimwelekeze. Pale atakaposita ndipo penye kazi yako ya wiki inayofuata.

Anayeishi Nakuru anaweza kufanya vivyo hivyo na muuza viazi kutoka Molo, na aliye Kakamega au Bungoma na chama cha akina mama kinachoandika michango yake kwenye kitabu. Maandishi ya skrini yaweke katika faili yake ya maneno, mbali na msimbo, na toleo la Kiswahili katika folda ya values-sw, ili siku moja Kidholuo au Kibukusu kiongezwe bila kuigusa programu yenyewe.

Programu yangu inafunguka kisha inajifunga yenyewe. Nifanye nini?

Usiifute na kuanza upya. Android Studio ina dirisha liitwalo Logcat, na programu inapoanguka, sababu yake huandikwa humo kwa mistari mingi mekundu. Anayeanza huitazama mistari hiyo akaogopa. Isome kwa mpango: tafuta mahali palipoandikwa Caused by, ambapo ndipo chanzo hutajwa, kisha ushuke hadi mstari wa kwanza wenye jina la faili uliyoiandika wewe. Ukiona MainActivity.kt:47, fungua faili hiyo, nenda mstari wa 47, na mara nyingi kosa utalikuta hapo au mistari michache juu yake.

Chanzo kinachojirudia sana ni thamani tupu: msimbo unaomba jina la mteja ambaye hayupo. Kotlin hukulinda kwa kukulazimisha utangaze mapema ni vigezo gani vinaweza kuwa vitupu, lakini ulinzi huo huondoka ukiweka alama mbili za mshangao ili tu kompyuta inyamaze. Ukijikuta unaziandika mara nyingi, simama ufikirie upya.

Kuna kasoro nyingine ambayo haiandiki chochote chekundu. Mtumiaji akiigeuza simu ikalala, Android huibomoa skrini na kuijenga upya, na alichokuwa amekijaza kwenye fomu hupotea. Kwenye simu yenye memori ndogo hali ni ngumu zaidi, kwani akipokea simu au akifungua kamera, mfumo unaweza kuiua kabisa programu yako iliyo nyuma ili kupata nafasi. Chombo kiitwacho ViewModel huokoa data wakati wa kugeuza simu. Dhidi ya kuuawa, rasimu iandikwe kwenye hifadhi. Jaribu hali zote mbili kabla ya kumpa mtu programu yako.

Mtandao ukiwa hafifu, programu itafanyaje kazi?

Ichukulie hali ya kukosa mtandao kuwa ndiyo ya kawaida. Programu iandike kila kitu kwanza ndani ya simu, katika hifadhidata ya SQLite ambayo kwenye Android hutumiwa kupitia maktaba ya Room, na mtumiaji aone mara moja kwamba kazi yake imehifadhiwa. Kupeleka kwenye seva kuwe ni kazi ya nyuma, ambayo WorkManager, chombo cha Android cha kazi za nyuma, itaifanya mtandao utakaporudi, hata kama simu ilizimwa katikati.

Zingatia hatari moja. Simu inaweza kutuma rekodi, seva ikaipokea, kisha mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Simu itadhani haikufika, itatuma tena, na ikiwa programu ni ya kuandika mauzo ya chai, mkulima ataonekana ameuza kilo zile zile mara mbili. Dawa yake ni kila rekodi kupewa kitambulisho cha kipekee ndani ya simu tangu inapoundwa, ili seva ikikiona mara ya pili itambue kwamba ni rekodi ile ile. Jambo hili liwekwe tangu mwanzo, kwa sababu kuliongeza baadaye ni kazi chungu.

Ninaunganishaje malipo ya M-Pesa?

M-Pesa ilianza kutumika Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikawafungulia wasanidi programu lango liitwalo Daraja. Kujisajili ni bure, na kuna uwanja wa majaribio ambamo hakuna pesa halisi inayosogea, kwa hivyo mwanafunzi anaweza kujifunza mfumo wote kabla ya kuwa na biashara. Ili kupokea pesa za kweli, lazima kuwe na nambari ya Paybill au Till ya biashara husika.

Huduma inayotakiwa na wengi ni ile inayoleta ombi la malipo kwenye skrini ya mteja ili aingize PIN yake. Mtiririko wake ni huu: programu huiomba seva yako, seva huiomba Daraja, Daraja humtokezea mteja ombi, mteja huingiza PIN, kisha Daraja hutuma matokeo kwenye anwani ya seva yako, ambayo lazima iwe ya HTTPS, yaani yenye mawasiliano yaliyofichwa. Wengi wanaoanza hufikiri kwamba jibu la kwanza kutoka Daraja ni uthibitisho wa malipo. Jibu hilo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Malipo yamefanyika pale tu matokeo yanapofika yakiwa na nambari ya matokeo 0. Nambari 1 humaanisha salio halitoshi, 1032 mteja amekataa ombi, na 1037 simu yake haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Mweleze mteja kila hali kwa maneno yanayoeleweka, usimwandikie tu kwamba kosa limetokea.

Matokeo yenyewe yanaweza kuchelewa au kupotea, hasa seva yako ikiwa imeanguka. Kwa sababu hiyo hifadhi kitambulisho cha kila ombi, na uwe na njia ya kuiuliza Daraja hali ya ombi hilo baada ya muda. Mteja aliyekwisha kukatwa pesa hapaswi kamwe kuambiwa alipe tena kwa sababu seva yako ilikuwa imelala. Nambari za simu pia huleta shida: Daraja hutaka zianze na 254 bila alama ya kujumlisha, ilhali watu huandika 07 au 01, kwa hivyo zibadilishe mwenyewe kimyakimya.

Kuna sharti ambalo halina mjadala. Funguo za siri ulizopewa na Daraja zisiwekwe ndani ya programu ya simu. Faili ya programu ya Android inaweza kufumuliwa na mtu yeyote mwenye ujuzi wa kawaida, na chochote kilichomo kikasomwa. Funguo zikae kwenye seva, na zisipakiwe pamoja na msimbo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo.

Sheria inasema nini kuhusu taarifa za watumiaji?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa msanidi programu maana yake ni kwamba unakusanya taarifa kwa sababu inayojulikana, unamweleza mwenye taarifa, unazilinda, na hukusanyi usichokihitaji. Daftari la madeni halina haja ya kujua mahali mtumiaji alipo wala kusoma ujumbe wake mfupi. Ukiwaza programu ya mikopo, fahamu kwamba tangu 2022 watoaji wa mikopo ya kidijitali huhitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na kwamba ni kazi yenye masharti mengi isiyomfaa anayejifunza.

Je, nikimwachia akili bandia iniandikie msimbo?

Vyombo hivyo vina manufaa, na kumkataza mwanafunzi asivitumie ni kupoteza muda. Vinaeleza vizuri ujumbe wa kosa usioeleweka, na vinaweza kukupa mfano wa jambo usilojua lianzie wapi. Lakini mara nyingi hukupa njia za zamani ambazo Android imekwisha kuziacha, na huzitoa kwa uhakika ule ule wa zilizo sahihi. Jiwekee kanuni: usiuache ndani ya programu yako mstari wowote usioweza kumweleza mwenzako. Katika mwaka wa kwanza, andika kwanza mwenyewe hata kama ni vibaya, kisha uombe ukaguzi. Uelewa hujengwa katika zile saa za kuhangaika, nazo haziwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yako.

Ninaiwekaje programu kwenye Google Play?

Akaunti ya msanidi programu hulipiwa dola 25 za Marekani mara moja tu. Wenye akaunti za binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 wanatakiwa kwanza kufanya jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 watakaobaki ndani yake siku 14 mfululizo. Idadi hiyo ilikuwa 20 hapo awali, ikapunguzwa mwishoni mwa 2024. Wengi huliona sharti hili kuwa kikwazo na hutafuta watu wasiowajua mtandaoni ili wajazie idadi. Mimi naliona kuwa nafasi. Ukiwa umefanya kazi na wauzaji wa sokoni au wanachama wa chama, una watu 12 wenye sababu ya kweli ya kuitumia programu, na maoni yao yatakufaa.

Programu mpya hupakiwa kwa muundo wa AAB (Android App Bundle) tangu Agosti 2021, pamoja na sera ya faragha na maelezo ya taarifa unazokusanya. Ufunguo unaotia sahihi programu yako na nenosiri lake vihifadhi mahali pawili tofauti. Programu mpya huingia katika mpango wa Google wa kuhifadhi ufunguo mkuu, nawe hubaki na ufunguo wa kupakia, ambao ukipotea unaweza kuomba mwingine. Kwa programu ya zamani isiyo katika mpango huo, kupoteza ufunguo ni kupoteza uwezo wa kuisasisha programu.

Itanichukua muda gani hadi nipate kazi au wateja?

Anayejifunza kila siku kwa saa kadhaa anaweza kumaliza programu rahisi ndani ya miezi michache, lakini kuaminiwa na pesa za wengine huchukua muda mrefu zaidi. Usiwasikilize wanaouza kozi kwa ahadi ya mshahara baada ya wiki chache. Waajiri na wateja huuliza umeunda nini, na jibu zuri ni programu mbili au tatu zilizokamilika, msimbo wake ukiwa umepangwa vizuri kwenye GitHub, na mtu wanayeweza kumuuliza kama kweli huzitumia. Wateja wa kwanza wa huku huwa karibu: shule ya binafsi inayotaka kuwaarifu wazazi kuhusu karo, sako ya bodaboda, duka la dawa za mifugo. Mkubaliane kwa maandishi ni nini kitakachofanywa na nani atalipia seva kila mwezi, na uchukue malipo ya awali.

Programu ikishaingia dukani, kazi imekwisha?

Bado. Kila mwaka Google hupandisha toleo la Android ambalo programu lazima zililenge, na programu iliyoachwa bila kuguswa hufika mahali ikaacha kuonekana kwa wenye simu mpya. Tenga siku chache kila mwaka kwa ajili ya kupandisha toleo hilo na kusasisha maktaba. Fuatilia ripoti za kuanguka katika ukurasa wa msanidi, zikipangwa kwa aina ya simu, kwa maana kasoro isiyotokea kwenye simu yako inaweza kumsumbua kila mwenye simu ya GB 2 ya RAM. Ukiwa na mteja anayekulipa, kazi hiyo ya kila mwaka iandikeni katika mkataba tangu mwanzo pamoja na bei yake.